Joho Nimeliona, Mtoto Yuko Wapi?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo uso hunipata moto, na mimi si mtu wa kuona haya ovyo, unanijua. Ni siku niliyompelekea Bi Zuwena picha ya mjukuu wake. Sijawahi kukusimulia, kwa sababu kila nikitaka kuanza naona bora nikuonyeshe picha nzuri nilizopiga baadaye. Lakini juzi ulikuja na kamera yako mpya, ukaniambia Jumamosi unakwenda Bidiya, kule jangwani, kuwapiga picha wenzako waliomaliza chuo, wamevaa majoho yao, mchangani. Ukanionyesha kwenye simu kile kitufe chako: unakigusa mara moja, madoa yanapotea, ngozi inalainika, na mtu anakuwa mweupe kuliko alivyozaliwa. Ukacheka, ukasema, "Khala, siku hizi kazi rahisi." Mimi khala yako, dada wa mama yako, nikanyamaza. Sasa kaa hapo, nikumiminie kahawa, nikueleze kwa nini nilinyamaza.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, hapa hapa Ibra. Asubuhi nilikuwa karani katika idara moja ya serikali. Mchana nikirudi nikila, nikijinyoosha kidogo, kisha nikitoka na kamera yangu. Kamera za kidijitali ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kushikika na watu wa kawaida kama sisi. Watu hawakutaka binti zao wapigwe picha na wanaume wa madukani, na mwanamke mwenye kamera nilikuwa mimi peke yangu, au ndivyo nilivyopenda kuamini. Hakuna aliyenifundisha. Kulikuwa na kijitabu ndani ya boksi la kamera, nikakisoma nusu, nikaona basi, nimeshajua. Nilikuwa na kiburi, mwanangu, na kiburi cha mtu anayeanza ni kibaya kwa sababu hakuna bado aliyempa sababu ya kukipunguza.

Bi Zuwena alikuwa mtu wa Pemba. Alikuja huku Oman akiwa mtu mzima, na Kipemba chake hakikumtoka hata siku moja. Kiarabu alikuwa nacho cha kusalia na cha kununulia samaki. Nyumba yao ilikuwa mwisho wa mashamba ya mitende, na mfereji wa falaji, ule wa kumwagilia mitende, ukipita ubavuni mwa ua. Alimlea mjukuu wake, Rahma, tangu akiwa wa kubebwa, na mwaka ule Rahma alikuwa amemaliza chuo cha ualimu. Baada ya mahafali angepangiwa skuli, na walimu wapya walikuwa wakipelekwa mbali. Yeye tayari alikuwa ameshasikia kwamba ataanzia upande wa Al Hamra, huko chini ya majabali.

Tena Bi Zuwena alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia lilibakisha uwazi mdogo katikati, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Daktari aliwaambia wazi kwamba kilichokwenda hakirudi, na kwamba hiki kilichobaki dawa zinakichelewesha tu. Kwa hiyo mjukuu alikuwa anaondoka, na macho pia yalikuwa yanaondoka, na bibi hakujua kipi kitatangulia. Ndipo akaniita.

"Salma mwanangu," akanambia, "mie huko Maskati kwenye mahafali siendi. Taa zile zitanmaliza, na ngazi siziwezi. Nataka unpigie Rahma wangu picha kavaa joho. Uifanye kubwa kama sinia. Ntaitundika pale nnapokaa, niwe nnamtazama mpaka hapo Mungu atakapotaka."

"Inshallah, bibi," nikamjibu. "Hesabu umeshaipata."

Angalia nilivyokuwa mwepesi wa kuahidi.

Siku ya picha nilichagua saa saba mchana, baada ya adhuhuri. Niliamini picha inataka mwanga, na mwanga mwingi kuliko ule hakuna. Nikamsimamisha Rahma nje, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa mpya, ili aonekane vizuri. Joho jeusi, mtandio mweupe, na ile kofia yao ya bapa juu yake. Jasho linamtoka, macho kayafinya. Akanambia kwa adabu, "Da Salma, jua limekuwa kali, tusingoje alasiri?" Nikamwambia aniachie mwenyewe, mimi ndiye ninayejua. Nikapiga picha arobaini na kitu, nikarudi nyumbani kwa furaha zangu.

Nilipozifungua kwenye kompyuta, furaha ikaniisha. Ukuta uliokuwa mweupe umekuwa wa kijivu. Uso wa Rahma umezama, na kivuli cha kofia kimekaa juu ya macho yake kama kitambaa, hujui yuko macho au amelala. Leo najua kilichotokea. Ule ukuta mweupe uliidanganya kamera, ikadhani mwanga umezidi, ikapunguza kila kitu pamoja na uso wa mtu. Na jua likiwa utosini halimmuliki mtu usoni, linammulika kofia. Kosa lilikuwa langu na la saa niliyoichagua mimi, na dawa yake ilikuwa rahisi, kurudi na kupiga tena. Lakini sikuona hivyo. Niliona tatizo ni Rahma.

Rahma alikuwa mweusi, mwanangu. Mweusi kama bibi yake, ngozi safi, imetulia. Na hapa nitasema kitu ambacho sisi sote tunakijua na hatukisemi. Sisi tuliotoka Unguja na Pemba, mtoto akizaliwa, swali la kwanza ni mume au mke, na la pili ni kachukua rangi ya nani. Akiwa mweupe, watu husema mweupe, mashallah. Akiwa mweusi husema mweusi, lakini ana sura nzuri. Hiyo "lakini" nimeisikia maisha yangu yote, nimeambiwa mimi mwenyewe nikiwa nimekaa pale pale, na hapa Oman ikapata nguvu zaidi, kwa sababu wapo waliotazama rangi zetu kwanza ndipo wakauliza ukoo. Mimi kwenye mtoto wa meza yangu, ile droo ya kuvuta, nilikuwa na krimu ya kujichubua. Nilijipaka kila nikitaka kulala tangu nikiwa chuo, na asubuhi juu yake natia poda. Usishtuke. Ndiye khala yako huyu huyu.

Basi nikaanza kuitengeneza ile picha. Kwanza niliongeza mwanga kidogo, na hilo halina ubaya. Nikaona bado. Nikachukua brashi ya kwenye kompyuta nikaanza kumpaka usoni, mara moja, mara mbili, nikisogea nyuma nikitazama, nikirudi tena. Juu ya nyusi ya kulia alikuwa na kovu dogo la tetekuwanga, nikalifuta. Pua niliiona pana, nikaibana kidogo. Siku mbili nilikaa na kazi hiyo, na nilipomaliza nilijisifu kwa sauti peke yangu chumbani. Alikuwa amependeza! Alikuwa mweupe, laini, macho makubwa, kama wale wa kwenye matangazo ya sabuni. Nikabonyeza kuhifadhi, juu ya ile ile picha ya mwanzo, sikuweka nakala. Zile nyingine sikuzihamisha; kadi ya kamera nilikuwa nayo moja tu, nikaifuta yote ili niende nayo kwenye sherehe nyingine. Haya uyashike, kwa sababu yalikuja kuniua.

Nikaenda mwenyewe dukani kuichapisha, nikasimama mbele ya mashine mpaka ikatoka, ili picha ya binti wa watu isibaki mikononi mwa mtu. Huko kote nilikuwa mwangalifu. Nikaitia fremu nzuri, na Jumatatu alasiri nikaipeleka.

Bi Zuwena alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akaisogeza mpaka kioo kikakaribia kumgusa pua. Hakuweza kuiona yote kwa pamoja. Alikuwa akiisogeza fremu polepole mbele ya lile jicho moja, akiisoma kipande kwa kipande.

"Joho hili nimeliona," akasema. "Mashallah. Kofia nimeiona, na uzi wake huu unaning'inia." Akasogeza tena. Akashuka, akapanda, akarudi pale pale katikati. "Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye huyo, bibi. Hapo hapo ulipo."

"Huyu simjui. Huyu wa nani?"

Nitakwambia ukweli wangu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulisingizia jicho lake. Nikamwambia labda pale ndani mwanga mdogo. Mtu ananiambia hamjui mjukuu aliyemlea, na mimi namtafutia sababu ya kutoona! Hapo Rahma akaingia na sinia la kahawa na halua. Akaliweka chini, akaichukua picha mikononi mwa bibi yake, akaitazama. Niliyaona macho yake yanavyotembea juu ya ile picha, yanatafuta.

"Da Salma," akasema, wala hakupandisha sauti. "Kumbe ndivyo ulivyotaka niwe."

"Nimekupendezesha tu, Rahma. Wallahi nimekupendezesha."

"Mie nlidhani unanpiga picha mie."

Akaiweka fremu chini kifudifudi, akatoka. Kahawa ikapoa pale.

Bi Zuwena akaniuliza, "Ulimuuliza?"

"Nini, bibi?"

"Kama anataka kubadilishwa. Ulimuuliza?"

"Hapana, bibi."

"Basi nani aliyekwambia mjukuu wangu ana ila?"

Ningesema nini? Kwamba nimeambiwa na shangazi zangu, na matangazo ya sabuni, na krimu iliyo kwenye mtoto wa meza? Akanyoosha mkono akanitafuta, akanishika kiganja, na huo mkono ndio uliozidi kuniumiza, kwa sababu ulikuwa wa upole.

"Salma, sikiliza. Mie nimebakishiwa macho haya kidogo. Televisheni sitazami. Nguo sitazami. Hata Msahafu siku hizi nnausikiliza tu. Yote nimemwekea akiba mtoto wangu. Weye umenletea mgeni aje kuyatumia."

Nilitembea mpaka nyumbani badala ya kungoja gari. Nilijiambia nitafungua ile picha ya mwanzo, nitaitengeneza kwa adabu safari hii, nitaichapisha upya. Nikafungua kompyuta, nikatafuta kila mahali. Haikuwepo. Nilikuwa nimeifuta mimi kwa mkono wangu, na zile nyingine arobaini zimekwenda na kadi. Uso wa kweli wa Rahma katika joho haukuwako popote duniani isipokuwa kwa Rahma mwenyewe, na joho lilikuwa la kuazimwa, lilitakiwa lirudi chuoni Jumamosi. Nililia sana siku ile, na sikulia kwa ajili ya picha.

Nikampigia simu Bi Zuwena nikamweleza. Hakunikaripia. Alinijibu kwa maneno machache: "Kamwombe mwenyewe. Uso wake ule, si wangu." Nikampigia Rahma, hakupokea. Jumatano akaenda Maskati kwenye mahafali yake. Msichana mmoja aliyekuwa naye alikuja kunihadithia, bila ya kujua anamhadithia nani, kwamba wenzake wote walipiga picha mpaka wakachoka, na Rahma kila akiona kamera inainuliwa anageuza uso, anasema mnipishe, mimi sitoki vizuri. Mtoto aliyekuja kwangu hana wasiwasi na uso wake ameondoka nao. Hilo ndilo nililolifanya mimi, mwanangu, kwa nia njema kabisa.

Alkhamisi alasiri nikaenda. Nilimkuta barazani analikunja joho. Nikamwambia nimekuja kumtaka radhi.

"Radhi nshakupa," akasema. "Picha sitaki."

"Si kwa ajili yangu, Rahma. Wewe mwezi ujao uko Al Hamra. Bibi atabaki na nini?"

Akaendelea kukunja. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Halafu akaacha, akanitazama vizuri, na nadhani siku ile ndiyo mara ya kwanza aliniona.

"Ntakaa," akasema. "Lakini kaa weye kwanza."

"Nikae wapi?"

"Mbele ya kamera. Na kakoshe uso."

Tangu niliponunua ile kamera sikuwa na picha yangu hata moja. Mpiga picha hujificha vizuri sana nyuma ya lenzi, hakuna anayemuuliza. Nikaenda kwenye mfereji wa falaji, nikainama, nikakosha uso. Poda ilitoka, ikaenda na maji kwenye mashamba ya watu. Nikarudi nikakaa kwenye kigogo cha mtende, naona haya nisijue mikono niiweke wapi. Yule mtoto akaishika kamera, akanilenga, akapiga moja tu, akanionyesha kwenye kile kioo chake kidogo.

Uso wangu ulikuwa rangi moja, shingo rangi nyingine, na mikono rangi ya tatu. Miaka yote ile ya kujipaka nilikuwa natazama uso peke yake kwenye kioo, sikuwahi kujiona mzima.

"Haya, Da Salma," Rahma akasema, "watu watatu hawa. Nimpe nani picha yake?"

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na nilipomaliza kucheka yaliendelea kutoka. Naye akacheka, kwanza kwa kujizuia, halafu kweli. Kutoka ndani tukasikia, "Mnacheka nini nyie?" Bi Zuwena alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuswali alasiri. Akatoka akipapasa ukuta, bado amevaa ile nguo yake nyeupe ya kusalia, inayomfunika kutoka kichwani mpaka chini.

Rahma alivaa joho. Nikataka kumpeleka tena kwenye ule ukuta wa chokaa, bibi akanizuia.

"Pale pananchoma macho," akasema. "Mie nnakaa huku." Na yeye, asiyeona vizuri, akatuongoza mpaka nyuma ya ua, kwenye ukuta wa zamani wa udongo uliobaki wa nyumba ya mwanzo. Jua lilikuwa limeshashuka upande wa pili wa ukuta, na chini yake kulikuwa na kivuli kipana kilichotulia. Kila siku alikuwa akikaa hapo kwa sababu ndipo jicho lake lilipopata raha. Nilisimama pale nikiwa na kamera yangu na kijitabu nilichokisoma nusu, nikaona kwamba kuhusu mwanga huyu bibi ananishinda kwa mbali. Aliyeumizwa na jua anajua liko wapi.

Nikamsimamisha Rahma kivulini. Uso wake ulitulia, macho yakafunguka, lakini bado ulikuwa umelala kidogo. Bi Zuwena akaja mbele, akapita hatua mbili tatu kutoka kwenye kivuli, akakaa chini juani, ameelekea kwa mjukuu wake, anamsikiliza. Na pale pale uso wa Rahma ukapata uhai. Nilishusha kamera nisielewe. Bi Zuwena akajiona yuko njiani, akasimama aondoke, na ule mwanga ukaondoka naye. Ndipo nikafahamu. Jua lilikuwa linapiga ile nguo nyeupe ya kusalia na kurudi usoni kwa Rahma.

"Bibi, rudi! Kaa hapo hapo ulipokuwa!"

"Hapa nna jua la machoni, mwanangu."

"Ndilo ninalolitaka, bibi, nisamehe. Dakika moja."

Akarudi akakaa. Akafumba macho, akatandaza ile nguo kwa mikono miwili kama nilivyomwambia, machozi ya jua yakimchirizika mashavuni. Kila nikibonyeza akiuliza, "Bado?" Rahma akimjibu, "Bado, bibi." Na kila akimjibu uso wake ukilainika kwa namna ambayo mimi nisingeweza kumwambia afanye. Nikapiga. Kofia nilimwambia airudishe nyuma kidogo ili isimtie kivuli, na mwanga niliupima usoni kwake, sikuupima ukutani. Picha sita, saba, zikatosha.

Siku ya pili nilimwita Rahma nyumbani kwetu, akakaa pembeni yangu mbele ya kompyuta. Safari hii kwanza niliweka nakala mbili, moja nikaiacha isiguswe na mtu. Kisha kila kitu nikamuuliza. Nikainua mwanga kidogo, nikakata ukingo ambapo ndoo ilikuwa imeonekana. Nikamuuliza kuhusu kipele kilichokuwa kidevuni.

"Hicho kitoe," akasema. "Kimekuja wiki hii kwa hamu ya mahafali, wiki ijayo hakipo."

"Na kovu la tetekuwanga?"

"Liache. Bibi analijua."

Halafu nikaikuza ile picha niangalie macho kama yamekaa sawa, na sote wawili tukaona kwa wakati mmoja. Ndani ya kila jicho la Rahma, chini kidogo ya mboni, kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kabisa. Nikaikuza zaidi. Alikuwa Bi Zuwena. Amekaa chini, amefungua mikono, nguo imetandazwa. Rahma aliweka kiganja mdomoni, na sikumuuliza kama nikiguse hicho.

Tuliipeleka pamoja. Bi Zuwena aliipokea vile vile, kwa mikono miwili, na bismillahi yake. Akaanza tena kusoma kipande kwa kipande. Akapita joho haraka, safari hii hakulisema. Akafika usoni akasimama hapo.

"Kovu hili la tetekuwanga," akasema. "Siku saba hakulala, wala mie sikulala. Pua hii ya marehemu mama yangu." Akasogeza kidogo. "Rangi hii yangu. Aa, huyu ndiye. Huyu ndiye mtoto."

Rahma akamsogelea sikioni. "Bibi, na weye umo."

"Nimo wapi?"

"Ndani ya macho yangu. Umekaa na nguo yako nyeupe. Unaonekana."

Bi Zuwena akaisogeza fremu, akatafuta. Sijui kama jicho lake liliweza kuona kitu kidogo kiasi kile, na sikuuliza. Aliishikilia pale kwa muda mrefu, kisha akaiweka kifuani.

"Kumbe na mie nimo," akasema. "Alhamdulillahi. Basi mahafali nimekwenda."

Macho yake yalizimika kabisa kabla ya mavuno ya tende ya mwaka uliofuata. Picha ilikaa pale pale juu ya kichwa chake, na kila mgeni akiingia humwambia amtazame mjukuu wake, kisha humwambia asogee, atazame vizuri ndani ya macho, yuko mtu mwingine humo. Alipofariki, Rahma aliichukua, na leo iko nyumbani kwake. Ile krimu niliitupa. Mahali pake, kwenye mtoto wa meza, nimeweka ile picha yangu ya watu watatu, na siku nikikuruhusu utaiona.

Sasa hii ndiyo nasaha yangu, mwanangu, na uitake usiitake utaisikia. Huko Bidiya usiwatoe wenzako mchana. Ngoja jua lishuke, uwaweke wanapoweza kufungua macho yao, na mchanga wenyewe utakusaidia kuwarudishia mwanga usoni. Chukua na shuka jeupe, umpe mtu anayempenda huyo unayempiga alishike. Picha ikitoka mbaya, jilaumu wewe kwanza, kisha ilaumu saa uliyochagua, na usimlaumu mtu kwa uso wake. Ya asili usiiguse, weka nakala. Ukikaa kuitengeneza, mkalishe mwenye uso karibu yako na umuulize. Kitakachoondoka wiki ijayo kiondoe akitaka. Alichozaliwa nacho na alichokipata kwa kuishi kiache, yuko mtu mahali anayemtambua kwa hicho. Na picha ya binti wa watu usiipeleke popote bila ya ruhusa yake na ya kwao.

Na jambo la mwisho ndilo lililonifanya ninyamaze juzi. Uliponionyesha simu yako niliiona picha uliyoiweka juu ya jina lako. Nilikutafuta humo, mwanangu. Nguo nimeiona, na hereni nilizokupa mimi nimeziona. Wewe sikukuona.

Mungu akubariki katika kazi yako hii, akupe jicho la huruma, akupe subira ya kungoja jua lishuke, akupe watu wa kukwambia ukweli kwa upole kama nilivyopewa mimi. Akuhifadhi na uso huo huo aliokupa. Sasa maliza kahawa yako, kakoshe uso, uje ukae hapa dirishani nikupige moja.